Alama

Kwa miaka 37 kazi yangu ilikuwa kutoa alama. Nilizitoa kwa kalamu nyekundu, usiku, kwa mwanga wa chemli, na baadaye kwa taa ya umeme pale umeme ulipotufikia. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu mmoja alikuwa akituonya kwamba alama ni jibu la swali lililoulizwa, wala si jibu la kila swali. Mtoto akipata 20 kwa 100, alama hiyo haisemi kwamba yeye ni mjinga. Inasema tu kwamba maswali yale, siku ile, aliyajibu hivyo. Pengine alikuja na njaa. Pengine mada ile hakufundishwa. Niliyaandika maneno hayo daftarini pamoja na mengine mengi, nikafaulu mtihani wangu, nikayasahau. Yalinirudia uzeeni, nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, nimemsindikiza rafiki yangu.

Rafiki yangu huyo nitamwita Fundi, maana ndivyo nilivyomwita maisha yetu yote, naye aliniita Mwalimu. Yeye alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa huku Kigamboni. Mimi ni Mnyamwezi niliyeletwa pwani na barua ya uhamisho. Kwa hiyo tulikuwa watani, na msomaji anayeujua utani wa makabila haya mawili anajua kwamba kati yetu hapakuwa na neno lisilosemeka. Ndiyo sababu linaniuma zaidi kwamba neno moja lililohitajika kusemwa, sikulisema.

Tulijuana mwaka 1979. Kampeni ya Elimu ya Msingi kwa Wote, ile tuliyoiita UPE, ilikuwa imeanza Novemba 1977, na watoto walifurika shuleni kuliko madarasa yaliyokuwapo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 29, nimekabidhiwa ualimu mkuu wa shule ya msingi katika mkoa wa Pwani, na darasa la pili lilikuwa linasomea chini ya mwembe. Siku moja lori likatuletea mabati ya asbesto ya kuezekea madarasa mawili na nyumba ya mwalimu. Tuliyaita mabati, ingawa hayakuwa ya chuma. Yalikuwa ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, mazito, ya rangi ya kijivu, yenye mikunjo kama mawimbi. Tuliyapokea kwa vigelegele. Hayali kutu kwa upepo wa chumvi, hayatoi joto, na mvua ikinyesha mwalimu anaendelea kufundisha bila kupiga kelele. Mwalimu aliyewahi kufundisha masika chini ya bati la chuma ataelewa furaha yetu.

Fundi aliletwa kuezeka. Alikuwa hodari wa kenchi na paa la kila namna. Mabati yale yalikuja marefu kuliko ilivyotakiwa, ikabidi ayapunguze kwa msumeno wa mkono, na kila alipokata, vumbi jeupe lilimmwagikia kifuani na usoni kama mtu anayetwanga mhogo mkavu. Nami nilimtania kwamba leo Mzaramo amekuwa Mzungu. Wanafunzi wa darasa la sita niliwapanga mstari wabebe mabati, na jioni wafagie. Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tufanye kazi kwa mikono, nami nilijivunia kwamba shule yangu haikuajiri kibarua hata mmoja. Vipande vilivyovunjika watoto waliviokota. Wavulana walivitumia kuchora mistari ya michezo yao uwanjani, na wasichana wengine waliviponda wakapata unga mzuri wa kusugulia sufuria. Niliwasifu kwa ubunifu wao. Jioni ya siku ya mwisho niliandika habari hizo zote katika kitabu cha matukio ya shule, kwa mwandiko mzuri.

Ilikwenda miaka mingi. Fundi aliacha msumeno, akarudi kwenye mashamba ya babu zake upande wa Kimbiji, akalima mihogo na mikorosho. Nilipokaribia kustaafu yeye ndiye aliyenitafutia kiwanja huku Kigamboni, wakati ambapo daraja halikuwapo na wote tulitegemea pantoni. Tukawa wazee wa jirani, wa kucheza bao na kubishana.

Mwaka 2017 alianza kukosa pumzi. Kwanza alidhani ni uzee, kisha alishindwa kumaliza sentensi ya utani bila kupumzika katikati, na hapo ndipo nilipotishika. Tulikwenda hospitali. Kwenye dirisha la kadi karani aliuliza maswali ya kawaida: jina, umri, makazi, kazi. Mimi ndiye niliyekuwa na miwani, basi nikamjibia. Kwenye kazi nilisema: mkulima. Karani akaandika. Sikusema uongo. Kwa miaka 20 Fundi alikuwa mkulima. Ila jibu lile liliingia kwenye faili, na faili likawa linatembea mbele yetu katika kila chumba, likitusemea kabla hatujafungua mdomo.

Picha ya eksrei ilionyesha maji upande wa kulia wa kifua. Yalivutwa kwa sindano, karibu lita 2, ya rangi ya chai. Siwezi kumlaumu daktari aliyesema ni kifua kikuu. Katika nchi yetu, mtu aliyekonda, anayekohoa, mwenye maji upande mmoja wa kifua, mara nyingi ni kifua kikuu kweli. Vijidudu havikuonekana, lakini hilo nalo si ajabu, kwa sababu TB ya utando wa mapafu aghalabu haionekani kwa hadubini katika maji yale. Akaanzishiwa dawa za miezi 6. Alizimeza zote kwa uaminifu wa askari, mbele ya mkewe, kila asubuhi. Mwezi wa tatu maji yakarudi. Mwezi wa tano yakarudi tena, na sasa kulikuwa na maumivu ya ndani ambayo hayakumpa usingizi.

Niwakumbushe wasomaji habari ya panya. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa makohozi na kutambua harufu ya kifua kikuu, na tangu mwaka 2007 wamekuwa wakisaidia kukagua makohozi yanayotoka hospitalini. Panya mmoja hukagua sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu mwenye hadubini angeifanya kwa siku kadhaa. Nawapenda sana panya hao. Lakini panya aliyefunzwa kunusa TB atakujibu TB tu. Ukimletea ugonjwa mwingine, atapita kimya, na kimya chake hakimaanishi kwamba mgonjwa ni mzima. Nasi tulikuwa tunamuuliza Fundi swali moja tu, tukilirudia mwezi baada ya mwezi.

Swali la pili lilikuja katika hospitali nyingine, kutoka kwa daktari mmoja mwanamke, kijana wa umri wa wajukuu zetu. Alilitazama faili, kisha akaliweka kando akamtazama mgonjwa. Akauliza, "Babu, kabla ya kulima ulifanya kazi gani?"

"Nilikuwa seremala, mwanangu. Naezeka nyumba."

"Uliezeka kwa kitu gani?"

"Makuti, bati, asbesto. Chochote alicholeta mwenye nyumba."

Yule binti aliacha kuandika. Alimwuliza alikata kwa nini, alikata wapi, miaka gani. Fundi akanigeukia akicheka kidogo: "Mwulize huyu Mnyamwezi, ndiye aliyekuwa bosi wangu." Nami pale kwenye benchi nikahisi jasho linanitoka, ingawa bado sikujua kwa nini.

Ugonjwa wenyewe huitwa mesothelioma. Ni saratani ya utando mwembamba unaoyafunika mapafu na kuta za kifua kwa ndani. Mara nyingi hutokana na nyuzi za asbesto, ambazo ni ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa macho. Mtu huzivuta kwa pumzi, nazo hupenya mpaka kwenye utando, zikakaa. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Zinauchokoza utando polepole, mwaka baada ya mwaka, na saratani hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Mtu anaweza kuwa amekwisha badili kazi, mji na hata jina la kazi, nyuzi bado zipo pale pale. Kutoka 1979 hadi 2017 ni miaka 38.

Baadaye nilisoma jinsi ugonjwa huu ulivyojulikana, nikaona kwamba hadithi yetu ilikwisha kutokea kwa wengine. Katika mji wa Kimberley, Afrika Kusini, katika miaka ya 1950, daktari C. A. Sleggs wa hospitali ya kifua kikuu ya West End aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake wenye maji kifuani hawaponi kwa dawa za TB, na kwamba wengi wao walitoka upande mmoja, magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya buluu. Mwanapatholojia J. C. Wagner, aliyekuwa akifanya kazi Johannesburg, alizichunguza nyama za wagonjwa hao akakuta saratani ya utando. Mwaka 1960 Wagner, Sleggs na mwenzao Marchand walichapa habari za wagonjwa 33, na karibu wote walikuwa na historia ya asbesto. Wengine hawakuwa wachimbaji kamwe. Walikuwa watu waliokulia karibu na machimbo, waliocheza kwenye vifusi wakiwa watoto. Nilipofika kwenye maneno hayo kuhusu watoto, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Naomba msomaji aone tarehe hizo. Mwaka 1977, miaka 2 kabla ya lori letu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikuwa limekwisha kuchapa kitabu kizima juu ya asbesto na saratani. Elimu ilikuwapo duniani. Haikufika chini ya mwembe wetu.

Sasa niseme juu ya alama. Mjukuu wangu anasomea kazi ya maabara, na aliposikia habari za Fundi aliniambia kwamba kuna vipimo vya damu vinavyotafuta saratani hii. Wataalamu huviita viashiria-bayolojia. Maana yake si ngumu: ni kitu chochote mwilini kinachoweza kupimwa kikatupa habari za ugonjwa. Kijiti cha kupimia mimba kwa mkojo kinasoma kiashiria. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, kinatafuta protini ya kimelea cha malaria. "Basi," nikamwambia mjukuu wangu, "ni alama." Akacheka akasema, "Ndiyo, Babu, ni alama."

Nilimwambia nataka kupimwa. Nami nilisimama katika vumbi lile. Tena nilitaka wapimwe wanafunzi wangu wote wa darasa la sita wa mwaka 1979. Nilikuwa tayari kuuza kiwanja. Yule binti hakunibishia. Aliniletea makala, akanisomea, akanifasiria, nami nikaandika daftarini kama nilivyokuwa nikiandika zamani chuoni.

Kuna protini iitwayo mesothelini, ambayo hukaa juu ya chembe za utando. Chembe za saratani huitengeneza kwa wingi, na nyingine hudondokea katika damu. Mwaka 2003 Bruce Robinson na wenzake wa Perth, Australia, nchi iliyoumizwa sana na machimbo ya asbesto ya Wittenoom, walitangaza kwamba katika wagonjwa 44 wa mesothelioma, 37 walikuwa na alama hiyo juu katika damu. Waliwapima pia watu 40 ambao hawakuwa wagonjwa lakini waliwahi kuishi na asbesto. Saba kati yao walikuwa na alama ya juu, na 3 katika hao 7 waliugua mesothelioma ndani ya miaka 5. Niliposikia hayo nilisimama kitini. Nilisema, tumepata.

Mjukuu wangu akasema, "Subiri, Babu." Akaendelea kusoma. Mwaka 2012 Kevin Hollevoet na wenzake walikusanya tafiti 16 za mesothelini, jumla ya watu 4,491, wakiwamo wagonjwa 1,026 wa mesothelioma. Walipokiweka kipimo katika ukali ambao watu 95 katika kila 100 wasio na ugonjwa huu hupewa jibu sahihi, kiliwagundua wagonjwa 32 tu katika kila 100 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Mwaka huo huo wa 2012, Harvey Pass na wenzake wa New York walitangaza alama nyingine, fibulini-3, iliyowatambua karibu wagonjwa wote waliopimwa. Wengine walipoirudia kwa wagonjwa wao, haikufanya vizuri hivyo. Watafiti wa Australia mwaka 2014 waliona mesothelini bado ni bora kuliko hiyo. Hili halikunishangaza. Kila mwalimu mkuu amemwona mtoto anayeongoza katika majaribio ya shule yake mwenyewe, kisha mtihani wa taifa ukaja kumweka mahali pake.

Hesabu niliifanya mwenyewe, kwa chaki, kwenye ubao mdogo nilioutundika barazani kwa ajili ya wajukuu. Tuseme, kwa mfano tu, kuna watu 10,000 waliowahi kushika vumbi la asbesto, na 10 kati yao wameanza kuugua bila kujua. Tuwapime wote. Katika wale 10, kipimo kitawagundua 3. Saba kitawaambia waende nyumbani kwa amani. Katika 9,990 waliobaki, 5 katika kila 100 watapewa alama ya uongo, nao ni karibu 500. Kwa hiyo tutawaita watu 503 na kuwaambia kwamba huenda wana saratani ya utando wa mapafu. Tutawachoma sindano za kifua, tutawapiga picha, tutawanyima usingizi, watauza mbuzi na mashamba, na wagonjwa halisi miongoni mwao watakuwa 3. Hata hao 3, tiba ya kuwaponya kabisa ni adimu. Dawa zilizopo huwaongezea watu muda, na ni jambo la kushukuru, lakini wengi hawapiti miaka 2. Nilifuta ubao. Kiwanja sikukiuza.

Sipendi msomaji adhani kwamba ninavidharau vipimo hivi. Vina mahali pake. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha mesothelini kitumike kuwafuatilia watu ambao tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa, kuona kama unapungua au unaongezeka. Hilo ni swali dogo, na kwa swali dogo alama ile inajibu vyema zaidi. Alama zenye nguvu kuliko zote, hata hivyo, hazimo kwenye damu. Zimo kwenye kipande cha nyama kinachokatwa kutoka katika utando wenyewe.

Hicho ndicho alichofanyiwa Fundi. Kipande kilipelekwa kwa mwanapatholojia, kikakatwa vijipande vyembamba kuliko karatasi, na kila kimoja kikapakwa kingamwili yake na kutiwa rangi. Hapa alama haziendi moja moja, zinakwenda kama baraza la mtihani. Zipo ambazo mesothelioma inatakiwa kuwa nazo, kama karetinini na WT1. Zipo ambazo haitakiwi kuwa nazo, kama TTF-1 na CEA, ambazo ni za saratani za mapafu yenyewe. Tena ipo moja ambayo ushahidi wake ni kutokuwapo. Ni protini iitwayo BAP1, ambayo katika chembe yenye afya hukaa kwenye kiini na kuonekana kwa rangi ya kahawia. Katika mesothelioma nyingi viini hubaki vitupu. Mwaka 2011 watafiti waligundua pia familia zinazorithi hitilafu ya jeni hiyo, na ndani yake mesothelioma hutokea mara nyingi. Chembe za utando zilizovimba kwa maradhi ya kawaida, yakiwamo ya kifua kikuu, hazipotezi BAP1. Kwa hiyo kiini kitupu kinamwambia mwanapatholojia jambo ambalo maji ya lita 2 hayakuweza kutuambia.

Jibu la Fundi lilikuja mwaka 2018. Yule daktari kijana alilieleza polepole, bila kuficha. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, tena hakumwuliza daktari.

"Mwalimu, ni yale mabati?"

Nilisema, "Nadhani ndiyo, Fundi. Nayo mengine uliyoezeka kwingine."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi na wewe ulikuwapo." Sikujua kama ni lawama au ni kunihurumia. Mpaka leo sijui.

Miezi iliyofuata tulivuka kwa pantoni mara nyingi, kisha bajaji mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika jengo lile la Wajerumani linalotazama bahari. Huko alipewa mofini ya kunywa, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima alilala usiku kucha. Siku moja tukiwa kwenye pantoni nilimwambia habari ya dirisha la kadi, kwamba mimi ndiye niliyesema mkulima. Alitazama maji muda mrefu. "Ungesema fundi," akasema, "ningekunywa vidonge vichache zaidi, Mwalimu. Kufa ningekufa vile vile." Ndivyo alivyokuwa. Lakini miezi ile 6 ilikuwa yake, naye aliitumia kumeza dawa za ugonjwa usiokuwa wake.

Alifariki mwaka 2019, kabla ya mvua za masika. Kwa desturi zetu mtani ndiye anayechangamsha msiba: anamwiga marehemu, anazuia jeneza, anadai fedha, watu wanacheka huku wanalia. Walinisubiri. Nilivaa kofia yake, nikashika msumeno wake wa zamani niufanyie mzaha, nikashindwa. Mtani mwingine alinipokea.

Mwaka 2020 nilikwenda katika ile shule. Mwalimu mkuu wa sasa alinipokea kwa heshima, akanitolea vitabu vya matukio vya zamani, vimeliwa na mchwa pembeni. Ukurasa wa mwaka 1979 ulikuwapo. Nilisoma mwandiko wangu mwenyewe: wanafunzi 41 wa darasa la sita walishiriki, kazi ilikwenda vizuri, vipande vimetumika kwa manufaa. Darasa moja bado lilikuwa na mabati yale yale. Nilimwomba mwenzangu asiruhusu mtu kuyakata, kuyatoboa wala kuyasugua, na siku ya kuyatoa yaloweshwe maji kwanza, yashushwe mazima bila kuvunjwa, na watoto wasiwepo. Bati zima lililotulia juu ya paa lina hatari ndogo kuliko lile linalovunjwa na kufagiliwa.

Majina 41 nikayanakili. Hadi sasa nimewapata 14. Mmoja nilimkuta Mbagala, mama wa miaka 58, ana genge la mboga. Nilipomweleza alinitazama kama zamani alipokuwa hajaelewa hesabu.

"Mwalimu, unanitisha. Nikapime damu?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwamba walio wengi waliogusa vumbi lile hawataugua kamwe, na kwamba kipimo cha damu kwa mtu mzima kama yeye kingemletea hofu kuliko faida. Ila siku yoyote akipata pumzi fupi, au maumivu ya kifua yasiyoisha, au wakimwambia ana maji kifuani, kabla hawajamwandikia dawa, aseme maneno yaliyo katika karatasi niliyompa. Karatasi ina mstari mmoja: *Mwaka 1979 nilibeba na kufagia vumbi la asbesto.*

Aliikunja, akaiweka ndani ya pochi pamoja na kadi yake ya hospitali. Kisha akanifungia mchicha, akakataa fedha.

Kadi yangu mwenyewe nimeirekebisha pia. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya shinikizo la damu, na binti wa dirishani aliponiuliza kazi nikasema mwalimu mstaafu, akaanza kuandika. Nikamwambia, mwanangu, bado sijamaliza.